Kiti cha Gari la Tullio

Keki mliyoniletea siku ya kuagana pale karakana ilikuwa tamu, ingawa jina langu mlilikosea. Mkaniomba niandike kidogo juu ya kazi yetu kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Ila sasa nimekaa tu nyumbani Quakers Hill, sina kiti cha mtu cha kufumua, na binti yangu Salma amenipiga marufuku kugusa makochi yake. Basi naandika.

Kwa mlioingia karibuni, mimi ni Zuhura, fundi wa viti. Gari la zamani likiletwa karakana kufufuliwa, kuna fundi wa injini, wa bodi, wa rangi, halafu tupo sisi wa ndani: viti, zulia, milango, paa la kitambaa. Sisi ndio wa mwisho kulishika gari, na mteja akiona mkunjo mdogo, sisi ndio wa kwanza kulaumiwa.

Sindano nilifundishwa na baba yangu. Alikuwa akitengeneza makochi kwetu Tanga, pale Ngamiani, na mimi nilichambua usumba wa nazi wa kujazia kabla sijajua kusoma. Nikaolewa, mume wangu akaja Sydney kusoma, nikamfuata. Nilifanya usafi majumbani mwa watu hadi magoti yakalalamika. Siku moja nikishuka kituo cha St Marys nikaona tangazo kwenye dirisha la karakana: anatakiwa mtu anayejua kushona ngozi. Ngozi sikuijua. Nikaingia.

Mwenye karakana, Aldo, alinitazama kama mtu aliyepotea njia, akanipeleka kona ya nyuma kwa mama mmoja wa Kiitaliano aliyevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Huyo ndiye Nella. Hakuniuliza natoka wapi wala nina cheti gani. Alinipa kipande cha ngozi kilichopasuka na sindano iliyopinda kama ukucha wa paka, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi alikigeuza kipande akatazama upande wa nyuma.

"Mbele kila mtu anashona vizuri," alisema. "Njoo Jumatatu."

Nella ndiye aliyenifundisha kushuku. Wengine wanaojifunza kazi hii hufundishwa kwanza kukata na kuvuta. Mimi nilifundishwa kunusa. Kila kiti kilichoingia alikiinamia akakinusa kama anayepima samaki sokoni, kisha akakibonyeza kwa kiganja, taratibu, pande zote, huku amefumba macho. Mteja angeeleza historia ya gari lake, bibi mmoja tu aliyelitumia kwenda kanisani, halijawahi kunyeshewa, na Nella angeitikia kwa kichwa akiwa tayari ameshika kisu cha kufumulia.

"Fungua kiti, Zura," alikuwa akiniambia, maana Zuhura ilimshinda. "Aliyekishona hakujua kuwa utakuja wewe, kwa hiyo hakupata nafasi ya kukudanganya."

Nilimwona akiwa sahihi mara nyingi mno. Kuna gari la wazi la Kiingereza lililoletwa na bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa. Alisema limelala miaka yote kwenye banda kavu. Zulia lilikuwa jipya, safi, linanukia duka. Nella akaling'oa. Chini yake kulikuwa na tope lililokauka, na ndani ya tope mbegu ya nyasi imechipua ikafa. Gari lilikuwa limezama mafurikoni hadi usukani. Yule bwana alishangaa vizuri sana; hadi leo sijui kama alishangaa kweli.

Nella alipoacha kazi aliniachia kona, nyundo yake yenye sumaku, na tabia hiyo. Salma husema niliileta nyumbani. Nikimuuliza rafiki yake mpya anafanya kazi gani, yeye hunijibu kwa Kiingereza, "Mum, he's not a car." Kiswahili anakisikia vizuri, lakini kwa mambo kama hayo hajibu kwacho.

Sasa niwaambie juu ya gari la Tullio, kwa sababu mmesikia vipande vipande, na vipande vingine si vya kweli.

Lililetwa juu ya trela, limefunikwa turubai, asubuhi ya mvua. Mwenyewe, Graeme, alikuwa mteja wetu mkubwa kuliko wote. Magari yake mengine ndiyo yaliyotulisha miezi ya ukame. Alipovua turubai, hata vijana wa rangi waliacha redio. Lilikuwa gari dogo la mashindano la Kiitaliano, la enzi zile ambazo bodi ziligongwa kwa nyundo kwa mkono, bati la alumini jembamba, jekundu lililofifia likawa rangi ya tofali. Halina paa. Halina mlango wa maana. Pua yake ilikuwa chini, pana, na matuta mawili juu ya magurudumu ya mbele kama mabega ya mtu anayejiandaa kupigana. Mimi si mtu wa kupenda magari, nimeyaona mengi mno yakiwa matumbo nje. Hilo nililizunguka mara mbili.

Historia yake Waitaliano wote wa magharibi ya jiji wanaijua. Tullio alikuwa fundi wa kuweka sakafu za marumaru. Alilinunua gari likiwa limeharibika, baada ya gari lenyewe kushindana huko Ulaya na kuletwa huku kwa meli, akalifufua na rafiki zake nyuma ya nyumba. Akalishindanisha kwenye viwanja vya ndege vilivyoachwa na kwenye njia za milimani, dhidi ya magari yenye injini mara mbili ya yake. Ushindi wanaousimulia ni wa siku ya mvua, mlimani, wakubwa wote wakiteleza na kuingia mitaroni, na Tullio akipita katikati yao kama mtu anayevuka jikoni kwake. Picha yake utaikuta kwenye kuta za migahawa ya kahawa hadi leo: mtu mnene, amekaa wima, uso mweusi kwa mafuta, anacheka.

Baadaye akapata ajali. Akapona, mguu ukabaki mfupi. Gari likauzwa kama vyuma chakavu.

Na hapo ndipo tatizo. Kuna gari jingine Melbourne, jekundu vilevile, namba ileile imegongwa kwenye fremu, na mwenyewe naye anasema ndilo la Tullio. Tullio alikuwa na gari moja. Kwa hiyo mmoja wao ana gari la uongo, au wote wawili.

Graeme alikuwa anataka kuuza, kwa mnunuzi wa ng'ambo, na mnunuzi alitaka uhakika. Akatupa kazi ya kulisafisha, si kulibadilisha. Kwangu alikuja mwenyewe hadi konani.

"Viti usivifungue," aliniambia. "Safisha ngozi, ilainishe, basi."

"Ngozi ya kiti cha dereva imelegea mshono, bwana."

"Usivifungue, Zura. Ngozi ni ya asili. Ukikata uzi mmoja umekata historia."

Lilikuwa neno la busara. Wakusanyaji wengi husema hivyo. Lakini alilisema huku anatazama kiti, si mimi, na mimi nikakumbuka bwana wa zulia jipya.

Mchana huohuo Bahati akaniita kwa mkono. Mnamfahamu Bahati, fundi wa bodi, mtu wa Bukavu, mpole, kwaya ya kanisa lake haianzi bila yeye. Alikuwa amelala chini ya gari na taa.

"Mama Salma, njoo uone. Hii gari iko na mambo."

Nikainama na mgongo wangu.

"Unaona hapa nyuma ya kiti? Hii soudure ni ya zamani. Lakini hii ingine, iko ya juzijuzi. Na bamepaka rangi ya kuchakaza, ionekane mzee." Alipitisha kidole juu ya alama ya kuchomelea chuma. "Mbele ni mtu mmoja aligonga. Nyuma ni mtu mwingine. Mikono mbili."

"Kwa hiyo ni la uongo?"

"Sijasema. Nasema tu siamini."

Tulimwambia Aldo. Alifunga mlango wa ofisi, akakaa, akajishika kichwa. Baba yake ndiye aliyemwonyesha ile picha ya Tullio, Aldo akiwa mdogo. Lakini pia alikuwa na mishahara ya watu ya kulipa, na Graeme alikuwa na magari mengine manne kwetu.

"Fanyeni mlichoambiwa," alisema. "Hatukuulizwa."

Basi nikasafisha. Kila siku niliitia ngozi mafuta na kila siku kiganja changu kiliniambia jambo moja. Kiti cha abiria kilikuwa tambarare. Cha dereva, chini kidogo ya kiuno, kilikuwa na kitu kinene ndani, kigumu kuliko singa za farasi walizokuwa wakijazia Waitaliano. Hakikuwa kazi ya kiwandani. Mtu alikiweka. Nikawaza: amekiweka nani, lini, ili kuficha nini?

Wiki iliyofuata Graeme akamleta Bi Pia.

Bi Pia ni binti wa Tullio, pekee aliyebaki. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe zimesukwa vizuri, anatembea kwa gongo, anakaa nyumba ya wazee upande wa Westmead. Graeme alimshika kiwiko kama yai. Alikuwa amemnunulia maua. Na alikuja na kijana wa kamera.

Bi Pia hakulizunguka gari. Hakuligusa. Alisimama mbele yake na kusema, kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni, "Ndiyo. Hili ndilo gari la baba yangu."

Graeme akatabasamu. Bahati akanitazama juu ya boneti ya gari. Mimi nilijiambia: huyu mama amefundishwa.

Graeme akaenda nje na kijana wa kamera kutafuta mwanga. Nikamletea Bi Pia chai na kiti cha kukalia. Nikakaa karibu naye, kwa kuwa mtu mzima hakaliwi mbali.

"Mama," nikamwambia, "umelitambua haraka."

Alinipima kwa macho. "Unadhani nimeambiwa niseme."

"Nisamehe. Ndiyo."

"Nimeambiwa." Akapuliza chai. "Aliniambia kwenye gari lake njia nzima. Aliongea kwa upole. Amekuja kunitembelea mara kadhaa, analeta keki. Mara ya mwisho kutembelewa na mtu mwingine siikumbuki. Mara ya kwanza aliponiuliza nilimwambia sijui, nilikuwa mtoto, gari lilikuwa jekundu, la kelele. Akafunika keki kwa huzuni. Nikaona nikisema sijui, hatanileta."

"Ulitaka kuletwa?"

"Nilitaka kukaa hapo alipokaa baba. Hata kama ni la uongo."

Nikamwita Bahati. Tulimsaidia kuingia, mimi huku, Bahati kule, tukambeba kama bibi harusi. Alikaa kwenye kiti cha dereva akaegemea nyuma, kisha akaacha kusogea.

"Kuna kitu hapa," alisema.

"Kipo, mama. Nakisikia kila siku."

"Baba aliumwa mgongo hapahapa. Kwa sababu ya sakafu, kupiga magoti maisha yote. Kila baada ya mbio alilala chini jikoni, hawezi kusimama. Halafu mwaka mmoja akaacha kulala chini. Hatukujua kwa nini." Akaushika mkono wangu. "Kifungue."

"Nimekatazwa."

Graeme aliporudi, Bi Pia mwenyewe alimwambia. Hakupandisha sauti. "Bwana Graeme, unataka neno langu kwa ajili ya huyo mnunuzi wako. Fungua kiti, halafu nitakupa neno."

Graeme alikataa. Alieleza juu ya ngozi ya asili. Bi Pia alishika usukani kwa mikono miwili, na mtu wa umri ule akikataa kutoka kwenye gari dogo kiasi kile hakuna wa kumtoa. Mwisho Graeme akaniitikia kwa kichwa. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Wakati ule niliamini anaogopa tutakachokikuta. Leo nadhani hakujua, na alikuwa anamshuku aliyemuuzia kama sisi tulivyomshuku yeye.

Tukamtoa Bi Pia tukamkalisha, nikafungua bolti nne, nikakiweka kiti mezani kwangu. Nilifumua mshono wa mgongoni, uzi kwa uzi, nikaukunjua mdomo wa ngozi. Singa za farasi zilikuwapo, nyeusi, kavu. Katikati yake kulikuwa na mto mdogo, umeshonwa kwa mkono, mishono midogo iliyobanwa kama punje za mtama. Ndani una sufi ya godoro. Nje ni kitambaa cha pamba cha njano chenye matawi ya cheri.

Nikaunyanyua kuwaonyesha. Bi Pia akatoa sauti ndogo.

"Mapazia," alisema.

Alinyoosha kidole kwenye cheri za kitambaa.

"Mapazia yetu ya jikoni. Mama alisema yaliungua. Alisema alikuwa anakaanga, moto ukayashika, akayatupa. Tukakaa bila mapazia mwaka mzima."

Aliutaka ule mto, nikampa. Akauweka mapajani, akaanza kueleza, na hakuwa anatueleza sisi. Mama yake, Assunta, alilichukia gari lile. Hakwenda kwenye mashindano hata siku moja. Jumapili za mbio alibaki jikoni na tasbihi, na Tullio akirudi hakumuuliza ameshinda au ameshindwa. Baada ya ajali ni Assunta aliyeita watu wa vyuma. Bi Pia alikuwa msichana. Alisimama uani akaliona likiburutwa. Tangu siku hiyo alikuwa upande wa baba. Alipoolewa hakumwita mama yake kuja kushona gauni. Mama yake alipougua alikwenda kumwona kama unavyokwenda kumwona jirani.

"Nilimwambia alimnyang'anya baba kitu pekee alichokipenda," alisema. "Nilimwambia akiwa kitandani. Hakunijibu. Angeweza kunijibu." Akaikunja pembe ya kitambaa, akaikunjua. "Mama, mama. Ulishindwa nini kuniambia?"

Bahati alivua kofia. Kijana wa kamera alikuwa ameshusha kamera, na hilo namheshimu mpaka leo.

Graeme ndiye aliyeongea kwanza. Alikuwa na machozi, sisemi uongo. Lakini alikuwa pia anacheka. "Huu ndio ushahidi!" akasema. "Zura, ingia kwenye kamera. Sema ulichokikuta. Sema hili ndilo gari."

Nikanawa mikono. Nikasimama mbele ya kamera na aproni yangu. Nikasema jina langu, kazi yangu, na kwamba hiki ni kiti alichokalia Tullio, nakithibitisha.

"Na gari," akasema Graeme.

"Kiti, bwana."

"Kiti kiko ndani ya gari."

"Kilikuwa ndani. Sasa kiko mezani. Umeona kinavyotoka."

Hapo alibadilika. Alimgeukia Aldo, akasema kwa adabu kabisa kwamba iwapo karakana haina imani na magari yake, yapo makarakana mengine. Aldo alinitazama. Nilijua anafikiria nini: mishahara ya vijana wa rangi, saa za Bahati, na mimi niliyebakiza kidogo tu kustaafu, mwenye uwezo wa kujivunia ukweli kwa gharama ya watu wengine. Nilitaka aseme. Kama angeniambia, "Sema tu, Zura," sijui ningefanyaje.

Aldo akamwambia Bahati, "Mwonyeshe palipochomelewa."

Bahati akamwonyesha. Graeme alichuchumaa na suti yake pale chini kwa muda mrefu. Alipoinuka hakumtazama mtu.

"Nitalichukua Ijumaa," alisema. "Na mengine yote. Kishone kiti, urudishe mto ndani, kama kilivyokuwa."

Niliogopa Bi Pia angeung'ang'ania. Hakuung'ang'ania. Alisema, "Mama aliuweka humo mwenyewe. Uache humo." Kisha akaniuliza kama nina sindano anayoweza kuishika.

Nilimtafutia ile kubwa. Nikaurudisha mto katikati ya singa, nikavuta ngozi, nikamshikia kingo za mshono. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na ngozi ya kiti cha umri ule ni ngumu kama kwato. Alishona kidogo tu, kwenye pembe ya chini, akachoka, akaniachia nimalizie. Mishono yake ilikwenda ovyo, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja umepanda juu ya mwenzake. Alikata uzi kwa meno.

Graeme alikiona kesho yake, kiti kikiwa tayari. Akaweka kidole pembeni pale.

"Hapa hapako sawa," alisema. "Pafumue upashone vizuri."

Nikasema, "Sawa, bwana."

Magari yake yote yaliondoka. Ilikuwa miezi migumu, Bahati alikatiwa siku, mimi nikapunguza zangu kwa hiari ili vijana wabaki, na Aldo hakunilaumu hata mara moja, jambo lililonifanya nimshuku kwa muda. Watu wa Melbourne walikuja kulipima lile gari huko lilikopelekwa, wakaondoka kimya. Bahati anaapa kwamba siku ya vyuma fremu ilikatwa katikati, kipande kimoja kikaenda huku na kingine kule, na kila mmoja amejengea nusu yake. Huenda. Sikuliona la Melbourne likiwa wazi, kwa hiyo siwezi kusema. Nasikia la Graeme sasa liko ng'ambo, kwenye ghala la mtu, na hakuna anayeliendesha. Bi Pia nilimtembelea hadi alipofariki. Keki nilipeleka mimi.

Siku moja litauzwa tena, magari haya huuzwa daima, na mmoja wenu huenda akawa ndiye atakayeitwa kulikagua. Utakipitishia kiti kiganja, utakuta kona ya chini mgongoni mishono michache iliyopinda, ya mtu asiyejua kazi, juu ya ngozi nzuri kiasi kile. Utashuku. Ni haki yako, kazi hii ndivyo ilivyo. Shuku gari zima ukipenda.

Pale usipafumue.